Itifaki Imezingatiwa? Hotuba kuhusu ratiba, modeli na zamu za usiku

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mlioketi hapa mbele, ndugu zangu wa fani, na nyinyi wanafunzi mliobanana kule mlangoni: itifaki imezingatiwa.

Sasa niwaulize: nani amehakiki? Hapa mbele wapo wakubwa ambao sikuwataja majina, na pengine yupo aliyestahili kutajwa kabla ya mwenzake. Lakini neno nimeshalisema na kila mtu ametulia. Ndiyo kazi ya neno lile, hufunga mjadala kabla mtu hajaangalia orodha. Katika fani yetu itifaki ni neno la kazi pia: ndizo kanuni ambazo kompyuta mbili huafikiana ili zielewane. Huko nako tunasema imezingatiwa, mteja anatia saini, programu inaingia kazini, na hitilafu inakuja kugunduliwa na muuguzi saa 9 usiku.

Nimeombwa nizungumzie modeli rasmi katika kutengeneza programu za kupanga kazi na ratiba. Kwa modeli rasmi sina maana ya mchoro wa visanduku na mishale tunaoubandika kwenye ripoti ili ionekane nene. Nina maana ya maelezo ya mfumo yaliyoandikwa kwa lugha ya seti na mantiki, lugha ambayo kila sentensi ina maana moja tu, hivi kwamba mashine inaweza kuyachukua na kuulizwa: je, ipo hali yoyote ambamo kanuni hii inavunjika? Nitasimulia kupitia kazi moja niliyoifanya, ratiba ya zamu za wauguzi. Ndiyo ninayoijua kwa makovu.

Hospitali siitaji. Walikuwa wanapanga rosta kwenye daftari kubwa la mistari, kwa penseli, na kifutio kimefungwa kwa uzi. Mimi nikaja na kompyuta yangu na kiburi changu. Nilikaa na muuguzi mfawidhi siku moja, nikaandika kanuni zake ukurasa mzima, nikarudi nyumbani kuandika kodi (si ile ya mapato, ile yetu, maagizo ya kompyuta), na wiki sita baadaye programu ilikuwa inatoa rosta nzuri ya kupendeza. Majaribio yote yalipita. Mwezi wa kwanza, usiku mmoja, wodi ilibaki na muuguzi mmoja peke yake mpaka kunakucha. Usiku uliofuata wakafika wawili, wakatazamana.

Kosa lilikuwa wapi? Mama yule alikuwa ameniambia, "usiku wa Ijumaa waingie wawili". Yeye ni mtu wa pwani. Kwake siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao mimi na simu yangu tunauita Alhamisi usiku. Nikamwekea watu wake usiku wa pili. Kila mstari wa kodi ulikuwa sahihi. Ungeweza kuujaribu mwaka mzima usione kitu, maana majaribio niliyaandika mimi, kwa kichwa kilekile kilichokosea.

Pale ndipo nilipoanza kuandika modeli kabla ya kodi. Jambo la kwanza lililofutwa ni majina. Hakuna tena "usiku wa Ijumaa". Zamu ikawa kipindi chenye mwanzo na mwisho: inaanza tarehe fulani saa fulani, inaisha tarehe fulani saa fulani. Jina ni la kuonyesha kwenye skrini tu. Ukishakuwa na vipindi, mwaka 1983 mtaalamu wa kompyuta James Allen aliorodhesha kila namna ambayo vipindi viwili vya muda vinaweza kuhusiana, na zipo 13 tu. Kimoja kinaisha kabla ya kingine kuanza. Kinaisha palepale kingine kinapoanza. Vinaingiliana. Kimoja kimo ndani ya kingine. Na kadhalika, pamoja na kinyume cha kila moja, na ile ya kulingana kabisa. Ukiambiwa "asipangwe mfululizo", unarudi kwa aliyesema na kumuuliza: mfululizo wa kugusana, au hata pakiwa na saa sita katikati? Mara nyingi anakaa kimya kidogo. Kimya kile ndicho unacholipwa kukitafuta.

Nilitumia kifaa kiitwacho Alloy, kilichobuniwa na Daniel Jackson na wenzake kule chuo cha MIT, Marekani. Hakihitaji kompyuta ya ajabu. Unaandika vitu vilivyopo na masharti yake, unataja ukubwa wa dunia yako, nacho kinaligeuza swali lote kuwa fumbo moja kubwa la ndiyo na hapana na kulifumbua. Chukueni wauguzi 3, siku 3, na zamu 3 kila siku: asubuhi kuanzia saa 2 hadi saa 8 mchana, mchana saa 8 hadi saa 2 usiku, usiku saa 2 hadi saa 2 asubuhi. Hapo kuna nafasi 27, na kila moja ama imejazwa au iko wazi. Ni rosta 134,217,728. Mezani unazungumzia mbili tatu, na mashine haiachi hata moja.

Tukaandika masharti kama mama alivyoyasema. Kila zamu iwe na mtu. Mtu asifanye zamu mbili zinazogusana. Aliyetoka usiku apumzike siku nzima inayofuata. Alloy ikaleta rosta halali: siku ya pili, Neema anaingia asubuhi, anatoka saa 8 mchana, anarudi saa 2 usiku na kukesha. Saa 18 katika saa 24, na hakuna sharti lililovunjika! Nikampelekea mfawidhi. Akacheka, kisha akakasirika. "Mwanangu, hii nani kakwambia inawezekana?"

"Wewe mwenyewe, mama. Hukusema haiwezekani."

Tukaongeza sharti la nne: mtu mmoja, zamu moja kwa siku. Nikabonyeza tena. Kifaa kikajibu kwamba hakuna rosta hata moja. Nilidhani nimeandika vibaya, nikahangaika nusu saa. Halafu nikahesabu kwa vidole, nanyi hesabuni nami: siku ya kwanza watatu wote wanafanya kazi, zamu moja kila mmoja. Aliyekesha anapumzika siku ya pili. Wamebaki wawili kwa zamu tatu. Kwa watu 3 kanuni zile hazitimiziki hata siku mbili. Kwa watu 4 zinatimizika, kwa mzunguko wa asubuhi, mchana, usiku, mapumziko, na mmoja akishikwa na malaria mzunguko unakatika.

Nilimweleza kwa tahadhari, nikidhani nampa habari mbaya. Akasema, "Hilo nalijua miaka ishirini. Kila mwezi nafuta na kuandika, nafuta na kuandika, mwisho namwomba mtu asiondoke. Ila nikiomba nyongeza naambiwa nipange vizuri." Aliomba nimchapie ule ukurasa. Wote mnajua ofisi zetu: neno la muuguzi mfawidhi ni malalamiko, lakini karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ni ushahidi. Sijapenda hali hiyo, lakini karatasi nilimchapia.

Hapa niseme kidogo juu ya wale wanaodhani kazi nzima ni kutafuta rosta bora. Kutafuta bora ni kazi ya heshima, na ina majeraha yake. Mwaka 1963 watafiti Fisher na Thompson walichapisha fumbo la kazi 10 zinazopita kwenye mashine 10: zipangwe vipi ziishe mapema kabisa? Lilikaa miaka 26 bila kufumbuliwa, hadi 1989 wenzao Carlier na Pinson walipothibitisha kwamba muda mfupi kabisa ni vipimo 930 vya muda. Kazi kumi tu! Leo tunavyo vitatuzi vya bure (programu za kutafutia jibu bora), OR-Tools kwa mfano, vinavyomeza matatizo makubwa kuliko hilo kabla chai haijapoa. Basi kijana anapakua kitatuzi, anakilisha masharti, anapata jibu bora. Bora kwa swali lipi? Kitatuzi kingempanga Neema saa 18 na kutuonyesha kwa fahari kwamba kimepunguza gharama.

Sasa niende kwenye jambo lililonifurahisha kuliko yote, nalo ni mwezi.

Wauguzi wa pale wana desturi isiyoandikwa popote: Krismasi wanaingia Waislamu, Idd wanaingia Wakristo. Krismasi ina tarehe. Idd el-Fitri inasubiri mwezi uandame, na Ramadhani inaweza kuwa ya siku 29 au 30. Rosta inabandikwa ukutani kabla ya mwezi wa kalenda kuanza. Programu nyingi hutatua hili kwa kuchukua tarehe iliyochapishwa kwenye kalenda ya ukutani, na kama kalenda imekosea, shauri ya wenye sikukuu.

Katika modeli huwezi kuruka namna hiyo, kwa sababu unalazimika kusema nani anachagua nini. Sisi tunachagua zamu. Siku tunachaguliwa na mwezi. Ukishasema hivyo, swali linagawanyika. Sentensi ya kwanza: kwa kila tarehe ambayo Idd inaweza kuangukia, ipo rosta halali. Ni kweli, na haina faida, kwa sababu tarehe utaijua umechelewa. Sentensi ya pili: ipo rosta moja iliyo halali kwa tarehe zote mbili. Hii ina faida, lakini inakudai uwape Waislamu wote siku mbili, na watu hatuna. Tazameni, maneno ni yaleyale, nimegeuza mpangilio tu, na mimi nilikuwa nimeshaandika ya kwanza nikidhani nimeandika ya pili. Tulichokitaka ni cha tatu: ipo rosta mpaka jioni ya siku ya 29 ambayo, mwezi ukionekana au usipoonekana, inaweza kukamilishwa bila kuvunja sharti.

Nikaiandika hiyo, na mashine ikaleta mfano kinzani, hali inayovunja sharti, palepale. Jioni ya 29, zamu ya usiku inaingia saa 2. Tangazo la mwezi wakati mwingine linakuja baada ya hapo. Muuguzi Mwislamu ameshaingia wodini, mwezi umetangazwa, zamu yake inaisha saa 2 asubuhi, na swala ya Idd inampita akiwa anakabidhi mafaili. Kwa usiku ule hakuna cha kusubiri. Lazima uamuzi ufanyike kabla ya kujua. Nikaenda na mfano wangu mkononi, nikijiona mgunduzi. Mama akafungua daftari la zamani, akanionyesha mwaka mmoja, na mwingine, na mwingine: zamu ya usiku inayoingia jioni ya 29 Ramadhani, majina ni Grace, Joyce, Anna. "Sasa hilo nalo la kuuliza?" Kanuni ilikuwa mkononi mwake miaka yote. Haikuwa mdomoni, kwa hiyo haikufika kwangu.

Mpaka hapa nimesema juu ya rosta kama kitu kilichotulia ukutani. Rosta haitulii. Wiki mbili baada ya kuweka kitufe cha kubadilishana zamu kwa simu, nilianza kuogopa kitufe changu mwenyewe. Katika wodi kubwa sharti ni kwamba kila usiku awepo angalau mzoefu mmoja. Usiku fulani wapo wawili, tuwaite Rehema na Zuhura, na wote wawili wanaomba kutoka. Programu kila inapopokea ombi inaangalia: je, atabaki mzoefu mwingine? Kama atabaki, inaidhinisha. Niliisoma mara kumi, nikaiona salama.

Kwa maswali ya namna hii, ya jambo baada ya jambo, nilitumia TLA+, lugha ya Leslie Lamport, yule aliyepewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya fani yetu, ya mwaka 2013. Unaeleza hali ya mwanzo na hatua zinazoruhusiwa, na kikaguzi chake kinapita kila mpangilio wa hatua. Jibu lilikuja la hatua nne. Programu inaangalia ombi la Rehema: Zuhura yupo, sawa. Inaangalia ombi la Zuhura: Rehema yupo, sawa. Inamwondoa Rehema. Inamwondoa Zuhura. Wodi imebaki na wageni wa kazi watupu, na kila aliyeulizwa anasema aliangalia.

Kati ya kuangalia na kutenda pana mlango, na mtu anaweza kupita. Dawa ilikuwa kufanya kuangalia na kuondoa kuwa tendo moja lisilokatika. Mistari miwili. Lakini bila ule mfano nisingejua pa kuiweka.

Kama mnadhani hayo ni makosa ya washamba wa hospitali ndogo, nawapeleka angani. Tarehe 24 Oktoba 1998 NASA walirusha chombo kiitwacho Deep Space 1. Mei 1999 walikikabidhi kwa programu iitwayo Remote Agent, nayo ilikuwa programu ya ratiba hasa: ilipewa malengo, ikajitungia yenyewe mpango wa lini injini iwake, lini izime, lini kamera ipige picha, bila mtu wa duniani kuishika mkono. Miaka miwili kabla, 1997, wataalamu wa kituo cha Ames walikuwa wamechukua sehemu yake moja, wakaiandikia modeli na kuikagua kwa SPIN, kifaa cha Gerard Holzmann. Walikuta makosa matano ya nyuzi za programu, yaani kazi zinazoendeshwa kwa pamoja ndani yake, kugombana. Yakarekebishwa.

Jaribio lilianza Jumatatu tarehe 17 Mei. Jumanne asubuhi injini ilitakiwa kuzimwa, haikuzimwa. Programu ilikuwa imekwama: uzi mmoja uliangalia kama kuna tukio jipya, ukaona hakuna, ukaenda kulala kusubiri kuamshwa, katikati ya kuangalia na kulala tukio likaja, kengele ikalia, hakuna aliyeisikia. Uzi ukalala ukisubiri kengele iliyokwisha kulia. Ni mlango uleule wa Rehema na Zuhura. Na kinachouma zaidi, kosa lilifanana na moja ya yale yaliyopatikana 1997, isipokuwa lilikaa kwenye sehemu ambayo haikukaguliwa. Hawakutuma kiraka cha kurekebisha programu. Walitunga jaribio fupi zaidi, wakaliendesha Ijumaa tarehe 21, na malengo yote yakatimia.

Nawapa mkasa huo kwa sababu wauzaji wa mbinu hizi hupenda ule mwingine, wa Paris, na ni wa kweli pia: njia ya 14 ya treni za chini ya ardhi, iliyofunguliwa Oktoba 1998, haina dereva, na programu zake za usalama zilijengwa kwa mbinu ya B ya Jean-Raymond Abrial, ikithibitishwa hatua kwa hatua hadi kodi. Inapendeza. Lakini wengi wetu hatutapata bajeti ya Paris, na tutakachoweza ni kukagua kipande. Basi chagueni kipande kwa akili. Msikague skrini za kuingilia na rangi za vitufe. Kagueni pale ambapo watu wawili wanagusa kitu kimoja, na pale ambapo kanuni ilitoka mdomoni mwa mtu mmoja tu.

Mtaambiwa majaribio ya kawaida yanatosha. Wahandisi wa Amazon waliandika mwaka 2015 kwamba TLA+ iliwaonyesha kosa katika DynamoDB, hifadhidata yao, ambalo njia fupi kabisa ya kulifikia ilikuwa hatua 35. Hatua ya 3 unaweza kuiota. Ya 35 hakuna mjaribu anayeifikia kwa kubahatisha, ila wateja wakiwa wengi wanaifikia wenyewe.

Na mtaambiwa modeli inathibitisha. Hapo muwe waangalifu. Dunia yangu ya Alloy ilikuwa na wauguzi 3 au 4. Nikisema sikuona kosa, nimesema sikuona kwa watu wanne. Dai la Jackson ni kwamba makosa mengi hujitokeza hata katika dunia ndogo, na uzoefu wangu unakubaliana naye, lakini dai hilo si uthibitisho. Pia modeli haijui usichoiambia. Mwezi wa pili wa kazi tulipata lalamiko kwamba mama mmoja mwenye mtoto mchanga anapangwa usiku. Hakuna kifaa kingelikuta, kwa sababu katika modeli yangu wauguzi hawakuwa na watoto.

Gharama? Modeli zote mbili, ya Alloy na ya TLA+, zilinichukua wiki mbili, na nusu ya muda huo nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mfawidhi nikisubiri anipe dakika kumi. Kodi ya mwanzo ilinichukua wiki sita, na sehemu kubwa niliitupa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwenye ratiba hii mimi namaliza saa 5 na anayefuata anaanza saa 5, vipindi viwili vinavyogusana, na aliyeipanga hakumwekea mtu dakika ya kupanda jukwaani. Kwa hiyo nakatisha. Modeli ya rosta ninayo hapa kwenye kompyuta, kurasa mbili. Nimeondoa sharti moja kwa makusudi tangu jana usiku. Wewe wa mlangoni mwenye shati la kijani, njoo ubonyeze, utuambie nani kapangwa vibaya.